Kona Inayonyamaza

Kwa miaka kumi na tisa nimepima kelele za magari katika uwanja wa Harsby, na kwa muda wote huo sijawahi kutaja tarakimu ya uongo, isipokuwa moja, ya tarehe ishirini na sita Aprili mwaka huu. Naandika jinsi ilivyotokea.

Harsby palikuwa kiwanja cha ndege za kivita. Ndege zilipoondoka lami ilibaki, na watu wakaanza kuja na magari yao kuyaendesha kwa kadiri ya uwezo wake. Si mashindano, hakuna mshindi. Mtu analipa, anavaa helmeti, anazunguka mpaka tairi zichoke, kisha anarudi nyumbani. Kinachotubana ni kijiji. Kanisa liko mita mia sita kutoka kwenye uzio wetu, na nyumba zimelizunguka. Halmashauri imetuwekea vipimo viwili. Asubuhi, gari likiwa limesimama, lisizidi desibeli 105, kifaa kikiwa nusu mita kutoka kwenye mdomo wa ekzosi. Likiwa mwendoni, lisizidi 92 linapopita mbele ya maikrofoni iliyo kando ya njia. Likizidi, linatolewa kwa bendera nyeusi.

Kikanuni, mahali ilipo maikrofoni ni siri. Kwa kweli kila mtu anapajua. Ndiyo maana kukawa na desturi ya kuachia mafuta: dereva mwenye gari la kelele anakuja kwa nguvu zote, akiikaribia maikrofoni anainua mguu, sauti inashuka kwa nusu sekunde, akishapita anakanyaga tena. Wenyewe wanaita kumsalimia Gillian. Gillian ni mimi.

Kwa miaka minane maikrofoni ilikuwa Kona ya Kanisa, iliyo karibu zaidi na nyumba za watu. Niliiweka pale mimi. Oktoba mwaka jana Rodney Cawkwell, fundi umeme, mtu mpole aliyekuwa akija kila mwezi, aliachia mafuta katikati ya kona hiyo. Gari lake lilikuwa la buluu, injini nyuma. Gari la namna hiyo ukilinyima mafuta ghafla likiwa katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinakuwa nyepesi, na mkia unataka kutangulia. Rodney aliyajua hayo kuliko mimi. Alikuwa amekwisha kumsalimia Gillian mamia ya mara bila kudhurika, na siku ile lami ilikuwa na unyevu. Aligonga ukuta kwa ubavu wa dereva. Alifariki kabla gari la wagonjwa halijafika.

Mahakama inayochunguza vifo ilisema ni ajali, dereva alishindwa kulimudu gari, sababu haikujulikana. Hakuna aliyeniuliza. Kifaa changu kilikuwa kimechora mstari wake kama kawaida: 91, 91.8, kisha kushuka wima mpaka 80, kisha mlio wa tairi, kisha kishindo, kisha upepo tu. Niliuchapa mstari huo, nikaikunja karatasi na kuiweka ndani ya daftari langu. Sikuipeleka popote kwa sababu hakuna aliyeiomba. Hayo ni maelezo ya kweli, lakini hayatoshi.

Mwezi uliofuata niliihamishia maikrofoni kwenye mnyoosho wa nyuma, sehemu ya njia iliyonyooka ambapo mtu anaweza kuachia mafuta bila madhara, na nikatangaza kila asubuhi kwamba imehama. Wanaachia Kona ya Kanisa hadi leo. Wakongwe miguu yao imezoea. Wageni wanawafuata wakongwe, wanajifunza njia yao, na pamoja na njia wanajifunza kunyamaza. Nilihesabu siku moja mwezi Machi: magari thelathini na moja kati ya thelathini na manane. Pale kwenye mkahawa wanasema ni heshima kwa marehemu. Si heshima, ni mazoea. Hata hivyo, nikiwa kibandani kwangu, nikisikia gari baada ya gari likinyamaza mahali palepale, kwa kipimo kilekile cha muda, nabana pumzi mpaka sauti irudi. Nimejaribu kuacha tabia hiyo. Sijaweza.

Tarehe ishirini na sita Aprili lilishushwa kwenye trela gari la buluu.

Nilikuwa nikipima gari la Barry Tasker, lile la rangi ya fedha, ambalo lilikuwa limetoa 106.

"Gill, mpenzi, hicho kifaa chako kina masikio ya mama mkwe," Barry alisema.

"Mama mkwe angekufukuza tangu getini. Ongeza stili waya kwenye sailensa, urudi."

"Nimeijaza mpaka inakohoa!"

"Basi ikohoe kidogo zaidi. Moja tu ndiyo inakukwamisha."

Alicheka, kisha akaona gari lililokuwa nyuma yake, akaacha kucheka. Alisogeza lake pembeni.

Aliyeshuka kutoka ndani ya gari la buluu alikuwa na mabega ya Rodney na uso usiofanana naye. "Clive," alisema. "Mdogo wake. Nimelitengeneza miezi sita. Injini ni ileile. Ubavu ni mpya."

"Pole kwa msiba, Clive."

"Asante. Pima."

Alirudi ndani ya gari. Nilipiga magoti, nikaweka kifaa nusu mita kutoka kwenye ekzosi, pembe nyuzi arobaini na tano. "Mizunguko elfu tano na mia mbili. Ishikilie hapo." Sauti ile niliitambua kabla ya tarakimu. Ilikuwa nzito chini na kavu juu, kama mtu anayeburuta meza. Kifaa kilisoma 103.4.

"Umefaulu," nilisema, nikabandika stika.

"Unajua kwa nini nimekuja?" Aliuliza akiwa amekaa ndani, mikono kwenye usukani. "Rod alizunguka hapa miaka kumi na moja. Hakuwahi hata kukwaruza kioo. Halafu siku moja, kona ambayo angeipita usingizini. Nataka kuipita mimi, kama alivyoipita yeye, nione ni nini kilichomshika."

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia. Nyuma yake kulikuwa na magari kumi na manne yakisubiri. Nilimwambia, "Maikrofoni ipo mnyoosho wa nyuma. Kona ya Kanisa hakuna kitu."

"Nilisikia kwenye maelezo ya asubuhi," alisema, akaondoka.

Saa nne na robo aliingia njiani, namba kumi na saba, nyuma ya Barry, ambaye alikuwa ameongeza waya na kufaulu. Kibanda changu kiko mita mia tatu baada ya kona, kando ya maikrofoni. Kwenye kioo cha kifaa naona mstari wa sauti ya kila gari, wa karibu na wa mbali. Barry alifika konani, sauti ikakatika, ikarudi. Gari la buluu lilifika. Likakatika. Likarudi. Lilipita mbele yangu kwa 90.7.

Mzunguko wa pili lilikatika tena, na safari hii kabla sauti haijarudi tairi zililia kidogo. Nikachukua redio.

"Trudy, namba kumi na saba anaendaje hapo konani?"

Trudy ndiye anayeshika bendera pale. "Mkia unacheza kidogo tu, kama wa wote. Kwani vipi?"

"Unaweza kumtoa?"

"Kwa kosa gani, Gill? Nikimtoa huyo nitoe uwanja mzima."

Alisema kweli. Kumtoa mtu kwa uendeshaji mbaya ni mamlaka ya mshika bendera, na yeye hakuona ubaya. Mamlaka yangu ni kelele peke yake. Mzunguko wa tatu gari la buluu lilikuja kwa kasi zaidi, kwa sababu Barry alikuwa ameongeza kasi. Likanyamaza. Tairi zililia muda mrefu. Nilihesabu moja, nikahesabu mbili. Kwenye kioo mstari ulishuka wima, na nilikuwa nimewahi kuuona mstari ule, pembe ileile. Kisha injini ikarudi, na gari likapita mbele yangu kwa 91.4.

"Trudy, bendera nyeusi, kumi na saba. Kelele."

"Kiasi gani?" Ni kanuni: bendera ya kelele haipepei bila tarakimu, na meneja huiandika papo hapo.

"Tisini na mbili nukta sita," nilisema.

Clive aliingia kibandani helmeti ikiwa bado mkononi, shingo imemwiva.

"Nukta sita ya wapi? Asubuhi unanipa mia na tatu, sasa unanitoa? Nionyeshe!"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Nimeendesha saa mbili kuja hapa, mama. Nionyeshe karatasi."

"Haipo. Ulikuwa 91.4. Nimedanganya."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha nyingine. Nikamgeuzia kioo, nikamwonyesha kwa kidole. "Hii ndiyo Kona ya Kanisa. Huu ni mzunguko wako wa kwanza, unaona inavyoshuka? Wa pili. Wa tatu. Unaachia mafuta katikati ya kona."

"Siachii."

"Unaachia."

"Nasema siachii, bibi wewe! Najua gari la injini nyuma, baba yetu alitufundisha huku akitupiga vidole. Huachii mafuta katikati ya kona. Hata Rod hakuwa..." Aliutazama mstari, akauhesabu upya kwa kidole chake mwenyewe, mara tatu. Kisha akauangalia mguu wake wa kulia, akausogeza nyuma kidogo kwenye sakafu.

"Nilikuwa namfuata Barry," alisema.

"Najua."

"Na Barry anamfuata nani?"

Nilitoa karatasi ndani ya daftari, nikaikunjua mezani. Nilimweleza kwa mpangilio: maikrofoni ilikuwa wapi, nani aliiweka, desturi ilikuwaje, tarakimu zilisema nini, na kwamba mahakamani sikuipeleka. Nilipomaliza alikuwa bado anasoma, ingawa karatasi yenyewe ina mstari mmoja tu.

"Kwa hiyo alikuwa anakusalimia wewe," alisema.

"Ndiyo."

"Mama yetu tulimwambia ni moyo. Kwamba moyo ulisimama kwanza, ndipo gari likatoka. Tulibuni tu, asije akafikiri Rod alikosea." Alipitisha ukucha juu ya mteremko wa mstari. "Desibeli ngapi alikuwa anaokoa?"

"Nusu. Labda moja."

"Na bila kuachia angezidi?"

"Kwa nukta chache. Angepewa bendera, angeongeza stili waya, angerudi baada ya chakula cha mchana."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliikunja karatasi kwa mikunjo ileile, akaitia ndani ya suti yake ya mbio na kufunga zipu. "Hii naichukua. Mama ataiona leo jioni. Na mahakama Jumatatu."

"Ni haki yako. Nitaandika barua ya kuthibitisha."

Nilimwita meneja kwenye redio. Howard Leake ni mtu wa maneno machache.

"Howard, futa ile ya kumi na saba. Kipimo halisi ni 91.4. Nilitaja kingine makusudi."

"Makusudi?"

"Makusudi. Gari halina kosa. Dereva anaruhusiwa kurudi."

"Maliza siku, Gill. Halafu uje ofisini, na funguo za kibanda."

Clive alikuwa amekwisha kuvaa helmeti. Nilimwambia asirudi leo, nikamwambia pia jambo ambalo halimo katika kazi yangu: kwamba mtu akijua mguu wake unafanya nini si lazima uache kufanya hivyo. Alisema, "Ndiyo maana narudi. Siwezi kulibeba nyumbani hili gari na huu mguu."

Nikaacha kifaa kijichoree chenyewe, nikatembea hadi Kona ya Kanisa. Tangu nilipoiondoa maikrofoni sikuwa nimefika pale. Ukuta wa tairi umepakwa rangi upya, na nyasi zimeota vizuri kuliko upande mwingine, kwa sababu walibadilisha udongo. Trudy alinipa nafasi nyuma ya uzio bila kuuliza.

Mzunguko wa kwanza Clive alipita taratibu. Wa pili aliachia. Nilisikia sauti ikikatika, nikauona mkia ukitoka kiasi cha kiganja, akaukamata. Trudy alishika bendera ya njano lakini hakuipandisha. Wa tatu alifunga breki mapema sana, huko kwenye lami iliyonyooka, mbali kabla ya kona. Gari jekundu lilimpita na dereva wake akampungia mkono wa dharau. Clive akaingia polepole, mguu ukiwa juu ya mafuta kidogo tu, hauendi juu wala chini. Injini ilinguruma chini kwa chini mbele yangu, mbele ya ukuta, hadi akatokea upande wa pili, na haikukatika.

"Huyo anaogopa," Trudy alisema.

"Huyo ndiye pekee anayejua kuipita."

Alirudia mara tano, kila mara vile vile. Kisha akatoka mwenyewe, bila bendera, na kutoka pale niliona gari la buluu likipandishwa kwenye trela na mikanda ikikazwa, moja moja, bila haraka.

Nilipaswa kurudi kibandani. Nilibaki. Barry alikuja na gari lake la fedha, sailensa ikikohoa, akafika mbele yangu akanyamaza. Gari jekundu likaja, likanyamaza. Baada yake kijana aliyeandika kwenye fomu kwamba ndiyo siku yake ya kwanza Harsby; naye akanyamaza palepale. Trudy aliniuliza kama nimepatwa na baridi. Sikumjibu, kwa sababu pumzi nilikuwa bado nimeibana.