Sakafu ya Pikapu

Dereva alikuwa ameshakishika kila kibao cha sampuli ukutani mwa gereji, akakigeuza, akakikwaruza kwa ukucha, akakirudisha, kisha akakichukua tena. Fundi wa kupuliza alimtazama huku amekunja mikono. Alishazoea wenye magari wanaokuja na haraka zao, na alishazoea wale wasiojua wanachotaka, lakini mteja mwenye vyote viwili kwa pamoja alikuwa hajamwona.

"Mama, ni mpira tu huo," alisema. "Unapulizwa kama rangi, unashikana na bati, basi. Mizigo haikwaruzi bodi, maji hayapenyi, kutu inakosa pa kuanzia. Vibao vyote hivyo ni mpira mmoja. Tofauti yake ni ukali wa uso."

"Ndio huo ukali ninaouuliza."

"Unauuliza tangu asubuhi."

Hapo hakudanganya. Kibao cha kwanza kilikuwa laini kama mfuniko wa sufuria. Cha pili kilikuwa na vijitundu kama ganda la chungwa. Cha tatu kilikwaruza kidogo, mfano wa ulimi wa paka anapokulamba mkono. Cha mwisho kilikuwa kikali kama jiwe la kusugulia visigino, na hicho ndicho alichokuwa akikirudia.

"Ukishapuliza, halafu ikawa siyo yenyewe?"

"Haitoki. Ndoa ina talaka, mama. Hii haina."

Dereva hakucheka. Alitoka nje, akaiangalia pikapu yake, akarudi ndani, akachukua kile kibao kikali.

Yeye na mumewe walikuwa wahamishaji. Ukitaka kuhama nyumba, ukitaka kitanda chako kifike bila kuvunjika mguu, unawaita. Mke alikaa kwenye usukani, ndiyo maana hakuna aliyemwita jina jingine zaidi ya Dereva. Mume alikaa nyuma na mizigo, naye aliitwa Kamba, kwa sababu akifunga kabati, gari linaweza kupinduka na kabati lisitikisike. Kazini hawakusemezana sana. Kamba aligonga paa la gari kwa kiganja. Pigo moja, simama. Mapigo mawili, twende. Wako wanandoa wanaoitana majina matamu mchana kutwa, na wako hawa waliotosheka na bati la paa.

Halafu ikaja siku ya jokofu. Mvua ilikuwa imenyesha, na Dereva alikuwa amerudi kinyumenyume mpaka mlangoni kwa mteja. Akasikia pigo moja, akasimama. Akasikia jokofu likivutwa. Akasikia kishindo ambacho kilipita kwenye kiti kikamfika mgongoni. Bado alibaki ameshika usukani akisubiri mapigo mawili, mpaka mteja alipopiga yowe.

Nyonga ilivunjika. Ikaungwa, ikapona, na daktari akasema mgonjwa anaweza kurudi kazini polepole. Kamba hakurudi, wala polepole wala haraka. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, akifunga kamba kwenye mguu wa kiti na kuifungua, akiifunga na kuifungua, huku Dereva akizunguka mjini na wapakizi wa kukodi waliogonga paa ovyo kama watu wanaobisha hodi kwa mdeni. Jioni alirudi nyumbani akakuta mafundo mapya. Alitamani kuyakata kwa kisu.

Dada yake Kamba, aliyekuja kumuuguza na akasahau kuondoka, alikuwa na dawa yake. "Uza hilo gari, wifi," alisema kila walipokaa kula. Na alipochungulia dirishani asubuhi ile akamwona Dereva anaosha bodi ili alipeleke gereji likawekwe sakafu mpya, akaongeza: "Limeshamvunja mtu nyonga, sasa unalipaka wanja wa nini?"

Dereva alikuwa ameshatoa hukumu yake. Mkosaji alikuwa sakafu. Miaka ya mizigo ilikuwa imelisugua lile bati mpaka likang'aa kama sahani, na bati likilowa halina urafiki na mtu. Basi ataweka sakafu ambayo hata ukitaka kuteleza huwezi. Atairudisha pikapu nyumbani, aiegeshe mbele ya kile kiti, aseme, "Haya, sasa panda." Hakumwambia Kamba lolote, kwa sababu angemwambia naye angesema hapana, na hapana hiyo Dereva hakuwa na pa kuiweka. Aliogopa jambo moja tu, na aliliogopa sana: kwamba shida haikuwa sakafu. Kwamba Kamba amechoka na kazi, au amechoka naye, na hapana ya leo itakuwa ya siku zote.

"Hiki," alisema, akampa fundi kile kibao.

"Unabeba samani za watu?"

"Ndiyo."

"Hiki kitachuna miguu ya meza. Godoro likiburutwa hapa, kitambaa chake ukisahau."

"Tutatandika mablanketi."

Fundi akavuta pumzi. "Mchagua nazi hupata koroma," alisema, lakini alisema kwa sauti ya chini, kwa maana mteja ni mteja. Akaingia kazini. Akapiga bati msasa mpaka ule mng'ao ukafifia, akalifuta kwa tambara lenye petroli, akabandika magazeti kwenye kingo na kwenye kioo cha nyuma. Kisha akaweka chini makopo mawili. "Nikishachanganya haya, hakuna kusema ngoja. Yanaganda upesi."

"Changanya."

Alisema changanya, lakini mwili wake ulikuwa unasema mengine. Alikaa kwenye benchi, akasimama. Akaagiza chai, akainywa nusu, akaisahau juu ya tairi. Akaenda getini kana kwamba kuna mgeni anayemsubiri, akarudi. Alikuwa mguu ndani mguu nje, na kila fundi alipogusa kopo aligeuka kumtazama. Alipofika getini tena, mgeni alikuwapo kweli. Kamba alikuwa anavuka barabara na mkongojo wake, kandambili zimejaa vumbi, shati limemganda mgongoni.

Siri ukimpa wifi ni maji umeyatia kwenye chujio.

"Umetembea?" Dereva aliuliza.

"Sijaruka." Kamba aliegemea nguzo ya geti, akahema. Tangu atoke hospitali hakuwa amevuka kizingiti cha nyumba isipokuwa kwenda kwa daktari. "Nasikia tunaweka sakafu."

"Nilitaka kukushtukiza."

"Umenishtukiza. Sakafu gani?"

Dereva akaenda ndani upesi akaleta kile kibao, akamnyooshea akipokee. Kamba hakukipokea. Alisogea mpaka kwenye pikapu, akamwonyesha chini kwa mkongojo, na kibao kilipowekwa chini akashika ubavu wa pikapu, akavua kandambili moja, akakanyaga. Akazungusha kisigino. Uso wake ukajikunja.

"Hii itanichuna."

"Utavaa viatu."

Fundi, aliyekuwa amekwishavaa kinyago, akakipandisha kwenye paji la uso. "Kwani mzee unafanya kazi peku?"

"Siku zote."

"Si kweli," Dereva alisema. Alisema kwa ukali uliomshangaza mwenyewe. "Ningekuona."

"Ungeniona wapi, Dereva? Kwenye kioo unaniona kuanzia kifuani. Nikipanda navua, naficha viatu nyuma ya tairi la akiba. Nikishuka navaa. Ukija huku nyuma unakuta mtu ana viatu vyake." Akausugua ule mguu kwenye suruali. "Godoro la watu halikanyagwi na viatu. Halafu mzigo ukitaka kuhama, nyayo zinajua kabla ya macho. Ukivaa viatu umeziba masikio."

Miaka yote ile. Dereva alimjua mtu huyu anavyokoroma, anavyokula, anavyodanganya anapoulizwa kama amekula. Hakuijua miguu yake kazini. Akataka kucheka, na hapo hapo akakumbuka mfuko wa plastiki aliopewa na muuguzi siku ile, ukiwa na nguo za mgonjwa na mabuti ya mpira.

Mabuti mapya. Aliyanunua yeye, kwa sababu ya masika. Alimpa asubuhi ile ile ya jokofu, akasema, "Vaa, usiniaibishe na hivyo vikuukuu," akasimama palepale kumwangalia anavyoyavaa.

"Siku ile hukuvua," alisema.

Kamba akaangalia barabarani.

"Kamba."

"Yalikuwa mabuti mazuri."

"Kamba, nijibu."

"Ulikuwa umeyafurahia. Nikasema leo nitakaa nayo, kesho nitavua. Soli ngumu, bati lina maji. Basi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ulinunua kwa moyo. Halafu ukawa kila siku unalilaumu bati. Nikaona bati halina masikio, acha libebe."

Hasira ndiyo iliyomfika Dereva kwanza, akafungua mdomo amwambie kwamba yeye si mtoto wa kufichwa mambo. Baada ya hasira ikaja aibu, ikamchoma mpaka machoni. Aliyaona yale mabuti yalivyokuwa yaking'aa sebuleni, akajichukia kwa jinsi alivyojisifu.

"Kwa hiyo umekaa kwenye kile kiti ili mimi nisiumie?"

"La. Usinipe sifa zisizo zangu." Kamba alivaa kandambili yake taratibu. "Kwenye kiti nimekaa kwa woga. Lori likifunga breki barabarani, nyonga inanikumbusha. Naogopa, mke wangu. Leo dada aliponiambia umekuja kuweka sakafu, nikaona hasira. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huko nyuma nalala mimi, halafu nachaguliwa na mtu wa mbele."

Maneno yalikuwa ya ugomvi, lakini Dereva aliyapokea kama mtu anayerudishiwa kitu chake. Mtu aliyeacha kazi haoni hasira juu ya sakafu yake. Hakulisema hilo, maana aliogopa likisemwa litatoroka.

"Nichanganye au nisichanganye?" fundi aliuliza.

"Ngoja," walisema wote wawili.

Vibao vyote vikateremshwa ukutani vikapangwa sakafuni. Kamba aliomba maji, fundi akavimwagia kwa kopo. Kisha mtu mzima yule, mkono mmoja kwenye mkongojo na mwingine kwenye bega la mkewe, akavua kandambili zote mbili, akaanza kukanyaga kimoja kimoja amefumba macho. Kile laini alikikataa kabla hajakikanyaga vizuri. Ganda la chungwa lilimshika, kisha likamwachia. Kwenye ulimi wa paka alikaa. Akahamisha uzito, mguu mzima, mguu mbovu. Dereva alihisi kucha za mumewe zikimuuma begani, hakusogea.

"Huu," Kamba alisema. "Ila pale mwisho, kwenye mlango wa nyuma, mtu anaporukia chini, pawe pakali zaidi. Inawezekana?"

"Nikirudisha bomba nyuma kidogo, matone yanakauka hewani, yanatua makali," fundi alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kufurahia kazi yake. "Upana gani?"

"Wa nyayo."

Makopo yakachanganywa. Kompresa ikanguruma, harufu kali ikawafukuza mpaka getini, na kutoka kule waliona weusi ukilimeza lile bati upande kwa upande. Walikaa kwenye benchi wakisubiri likauke. Goti la Dereva lilikuwa linacheza lenyewe, linapanda linashuka. Kamba akaweka kiganja juu yake.

"Tulia."

"Siwezi."

"Najua," Kamba alisema, akakiacha kiganja palepale.

Fundi alipobandua magazeti, alisema mtu anaweza kukanyaga, mizigo mizito isubiri kesho. Dereva alifungua mlango wa abiria, akaushikilia wazi. Alikuwa ameshaweka mto kwenye kiti. Kamba aliufikia ule mlango, akasimama, akatazama ndani. Kisha akauegemeza mkongojo juu ya ule mto, akavua kandambili, akampa mkewe.

"Nishikie hizi."

Akaenda nyuma akiwa ameshika ubavu wa gari. Fundi akataka kumsaidia, Dereva akamkataza kwa jicho. Kupanda kulichukua muda mrefu, na mara moja goti lilikataa, likaombwa upya. Dereva aliingia kwenye usukani na zile kandambili mapajani. Kwenye kioo alimwona kuanzia kifuani, kama siku zote. Aliona kifua kinahema. Akawasha gari, akatia gia, akasubiri.

Pigo moja likaja juu ya paa.

Moja ni simama. Gari lilikuwa limesimama tayari. Aliendelea kukanyaga klachi, na kwenye kioo aliona kile kifua kimetulia, hakihemi, na hakuona mkono. Ameogopa, aliwaza. Anataka kushuka. Mwache ashuke, usimtazame. Akazibana zile kandambili kwa mkono wa kushoto mpaka vumbi lake likamwingia kwenye kucha.

Kisha likaja la pili.

Dereva aliondoa gari kwa gia ya kwanza, na hakuibadilisha mpaka nyumbani.