Hukumu ya Jino Bovu

Mume wangu ni kadhi, na kila asubuhi kabla hajavaa viatu, mimi ndiye ninayemhoji. Umelala? Umekula? Una hasira na mtu? Kazi hiyo alinipa mwenyewe tulipooana, maana kadhi mwenye njaa, hasira au maumivu hatakiwi kusikiliza kesi. Jibu likiwa baya, anaahirisha.

Asubuhi ile shavu lilikuwa limevimba, kajaza karafuu mdomoni.

"Jino vipi?"

"Limetulia."

"Limetulia wapi, na chai unaipitishia upande mmoja? Baba Watoto, ahirisha!"

"Watu wamengoja sana. Niache, mama." Akatoka zake. Mkaidi huyo, hasemezeki.

Mchana alipita kwa daktari wa meno, jino likang'olewa, akaja nyumbani akalala usingizi wa pono. Alipoamka alikaa kitandani kashika kichwa.

"Kuna mama leo nimemnyang'anya mtoto," akasema.

Nikaketi. Akanieleza kwamba mama huyo hufanya usafi hospitalini, zamu ya jioni. Aliyekuwa mumewe alidai eti mama akienda kazini humfungia binti yao mdogo ndani peke yake. Mama akaanza kujibu kuwa jirani ndiye hukaa na mtoto, na jirani mwenyewe yuko hapo nje, aitwe.

"Jino likanipiga mpaka kwenye jicho. Nikamwambia inatosha. Nilitaka wanyamaze tu. Nikampa baba mtoto."

"Na jirani hukumwita?"

"Sikumwita."

Loo! Nilimpasha. Nilimwambia heri angekuwa fundi cherehani, nguo ikibana unaifumua. Akalia, mtu mzima na ndevu zake, nami hasira na huruma zikanipanda pamoja. Nilijua anaogopa nini. Miaka yote amekuwa akisema makadhi wengi wataishia motoni, na mimi nilidhani anawasema wenzake.

Kesho yake aliwaita mama yule na jirani mahakamani. Nami nikaenda, liwalo na liwe. Jirani alithibitisha kila neno: mtoto hula kwake, husinzia kwake, mama akirudi humbeba. Mume wangu akaifuta hukumu mbele ya watu, na sababu akaitaja bila kujificha: alihukumu akiwa na maumivu, na hakumsikiliza jirani huyu.

Karani akampigia baba simu ili amrudishe mtoto. Ilikuwa imezimwa. Akampigia dada yake baba, huyo akapokea. Kaka alishavuka mpaka na mtoto jana ileile, alisema, na hukumu ya kadhi anayo mfukoni.

Mama akashika ukingo wa benchi. Mume wangu akashuka kitini, akamfuata alipo, akamwomba radhi. Akamwahidi ataandikia polisi, ataandikia makadhi wa huko, hatachoka mpaka mtoto arudi.

"Barua andika," mama akasema. "Lakini sikusamehe. Mwanangu asiporudi, mimi na wewe tutasimama mbele ya Mungu. Na siku hiyo nitasema mpaka nimalize."

"Ni haki yako, dada," mume wangu akamjibu.