Sahani Mbili za Mlangoni

"Pandisha, Dada Mashuka! Pandisha, usiionee huruma!"

Kinyozi alikuwa amepanda juu ya benchi, anapiga kelele na kutokwa jasho kana kwamba yeye ndiye aliyebeba. Katikati ya ukumbi, mwanamke mfupi mwenye tumbo lake, na mikono minene iliyochubuka kwa sabuni, alisimama wima na nondo mapajani. Sahani nne za chuma, mbili kila upande, kila moja ina chapa ya kilo ishirini. Nondo yenyewe ishirini. Jumla mia.

"Mara ya tatu hiyo," Kocha akasema bila kupandisha sauti. "Shusha taratibu. Usiitupe, haijakukosea."

Nondo ikatua. Jimu nzima ikalipuka kwa vifijo. Mtu mmoja tu ndiye aliyepiga makofi kwa ncha za vidole, kama anayeogopa kujichafua, naye ni yule yule aliyezitengeneza sahani zile.

Walimwita Mlango. Akiingia mahali, jua linabaki nje. Shingo hakujaaliwa, kichwa kilikaa moja kwa moja juu ya mabega, na kifua kilimtangulia kila aendako. Alikuwa fundi wa kuchomelea, na mtaani kwao mageti yote yalikuwa kazi ya mikono yake.

Jimu yenyewe zamani ilikuwa gereji. Shimo la kukagulia magari lilifunikwa kwa mbao, winchi ya kunyanyulia injini bado ilining'inia darini, na harufu ya oili ilikataa kuhama. Kioo hakikuwepo hata kimoja. Kocha, mwanamke mkavu mwenye mvi, aliyepakua magunia ghalani miaka ishirini kabla hajaanza kufundisha, alivipiga marufuku siku ya kwanza. "Anayetaka kujitazama, kioo anacho kwake. Hapa tunatazama kilichoinuka." Badala ya vioo palikuwa na ubao mweusi, na kila mtu alikuwa na kilo zake pale, ajuza wa miaka sitini na minane, mshona viatu mwenye mguu mmoja, wote. Sharti lilikuwa moja: hakuna kujiandikia. Aliyekuona ndiye anayekuandika. Juu kabisa ya ubao lilikaa jina la Mlango. Mia na arobaini.

Dada Mashuka alikuwa anafua mashuka ya hospitali. Kabla ya kufika hapa alijaribu jimu moja ya ghorofani, yenye vioo mpaka chooni, na mwalimu wa kule akamfinya tumbo kwa vidole viwili mbele za watu. "Tuanze na hili," alimwambia. Hakurudi. Hapa hakuna aliyelitaja tumbo. Waliuliza tu, umebeba ngapi? Sasa kikosi cha zimamoto kilikuwa kinaajiri. Mtihani ulikuwa nondo ya kilo tisini, mara tatu, bila kuidondosha. Zilibaki siku kumi na mbili, na mwakani umri wake ungekuwa umepita.

"Wao wanataka tisini, mimi natoa mia," alisema huku akijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Basi leo nimemaliza. Nakwenda kuupumzisha mgongo mpaka siku yenyewe. Kaka Mlango, wewe uliniona. Niandikie."

Mlango akachukua chaki. Aliandika moja, akaandika sifuri, na kwenye sifuri ya pili chaki ikamkatikia mkononi.

"Lo! Anabeba mia na arobaini, chaki inamshinda!" Kinyozi akadakia. Watu wakacheka. Mlango naye akacheka, maana angefanya nini.

Ukweli ni huu. Mwaka uliopita Kocha alimpa kazi ya kutengeneza sahani nane: makasha ya bati nene, yajazwe chenga za chuma na saruji, yafungwe, yapigwe chapa. Mbili za kwanza alizipima mwenyewe, ishirini kamili. Kisha chenga zikamwishia, na siku ya ufunguzi ilikuwa kesho yake, naye alishajitapa kwa kila mtu kwamba fundi kama yeye hachelewi. Sita zilizobaki alizijaza mchanga. Alipozipima, kila moja ilikuwa na kumi na sita. Akasema moyoni, nani atapima? Akagonga chapa ya ishirini, akapaka rangi nyeusi. Zile mbili za kweli zikawa tatizo, maana mtu angezishika akaona tofauti. Akazitangazia kasoro. "Hizi zina ufa, zitamkata mtu miguu." Tangu siku hiyo ziliwekwa mlangoni kuzuia upepo usiufunge mlango, na kila aliyeingia alizikwepa.

Uongo ulimlea vizuri. Yeye mwenyewe alijiunga, akapanda ubaoni, akapewa heshima. Mia na arobaini yake ilikuwa mia na kumi na sita. Mia ya Dada Mashuka ilikuwa themanini na nne.

Jioni ile hakula. Mkewe alikuwa anahangaika na kabati la nguo, anataka lihamie ukuta wa pili.

"Bwana mia na arobaini, njoo unisaidie."

Akashika, akavuta. Kabati likasogea kidole kimoja, likagoma.

"Ala! Kumbe kilo zako huwa unaziacha huko huko jimu?" Mke akaangua kicheko, kisha akaona mwenzake hacheki. "Una nini?"

Mlango akakaa kitandani, macho sakafuni. Akamweleza yote, mchanga, chapa, ufa usiokuwepo. Alieleza kwa sauti ndogo ambayo mkewe hakuwahi kuisikia ikitoka kwenye kifua kile.

Mke akaliacha kabati. "Huyo mfua mashuka anajua?"

"Hajui."

"Sasa mimi unaniambia ya nini?"

Asubuhi alipita kwa muuza chuma chakavu, akaazima mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso wa duara na mshale. Akaibeba begani kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Kila hatua kumi, mtu alimtania. "Mlango, unakwenda kujipima?"

"Ndiyo," alijibu.

Alimpitia Dada Mashuka kwenye ua wa kufulia, akamkuta na ndoo mbili. "Dada, njoo jimu mara moja. Tafadhali." Yule mama akamtazama usoni, akaziweka ndoo chini bila kuuliza.

Jimu walikuwemo Kocha, Kinyozi na wengine sita hivi. Mlango aliitundika mizani kwenye winchi. Alikuwa ametunga maneno njiani, yenye mwanzo mzuri na sababu zake, na yote yakampotea. Akanyanyua sahani ya kwanza, akaitundika.

Mshale ukacheza, ukatulia. Kumi na sita.

"Mizani mbovu hiyo," Kinyozi akasema toka juu ya benchi.

Mlango akatundika ya pili. Kumi na sita. Ya tatu. Alipofika ya sita hapakuwa na mtu anayetania, na Kinyozi alikuwa ameshuka kwenye benchi. Kisha akaenda mlangoni, akachukua moja ya zile zenye ufa, akaitundika. Ishirini. Akairudisha palepale mlangoni, polepole, kama mtoto anayerudisha kitu alichoiba.

"Uliyajua haya?" Dada Mashuka aliuliza.

"Niliyajua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hazijakauka rangi."

"Na jana uliniandikia mia."

Hapo Mlango alitamani lile shimo la magari lifunuke, mbao ziondoke, limmeze na mabega yake. Alisubiri atukanwe. Tusi lingemsaidia. Kocha hakumtukana, alichovya kitambaa kwenye ndoo, akakikamua, akampa.

Akaanza kufuta ubaoni, kilo zake kwanza. Kisha ikabidi afute za wenzake, moja moja, na wenyewe waliokuwepo wamesimama nyuma yake. Mshona viatu, sitini. Ajuza, sitini pia, ambazo aliwahi kuzisherehekea kwa keki. Unga wa chaki uliolowa ulimchuruzika toka kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko. Alipofika kwenye ile mia, mkono ukasita.

"Futa," Dada Mashuka akasema. "Si yangu."

Akafuta.

Alipogeuka, yule mama alikuwa mlangoni ameinama. Alizunguka kila sahani kwa kidole gumba, ukingo mzima. "Ufa uko wapi?"

"Haupo."

Akazibeba mbili zote, moja kila mkono. Mlango wa jimu, ulipokosa cha kuuzuia, ukalia, ukajifunga wenyewe nyuma yake, na ukumbi ukaingia kiza cha mchana. Akapachika ya kweli moja kila upande, akaongeza ya mchanga moja kila upande. Kocha akahesabu kwa midomo.

"Tisini na mbili," Kocha akasema. "Safari hii za haki."

Dada Mashuka akajifunga kanga kiunoni kwa nguvu, akasimama mbele ya nondo. "Nani ananitazama?"

Kinyozi akasogea. Dada Mashuka akamzuia kwa kiganja.

"Yeye."

"Mimi?" Mlango alikuwa angali na kitambaa kinachotiririka maji kwenye kiatu chake.

"Wewe si ndiye unayezijua? Weka hicho kitambaa. Unitazame mimi, usitazame sakafu."

Akainama, akashika, akavuta. Nondo haikutikisika. Akaachia, akapumua, akapangusa viganja.

Akainama tena. Mishipa ikamtoka shingoni, magoti yakatetemeka, na pumzi ikamtoka kwa sauti kama ya shuka zito likikamuliwa. Mlango alimtazama. Macho yalimuuma kwa kutaka kuanguka chini, akayashikilia. Mwanga ulikuwa unaingia kwa uwazi wa chini ya mlango uliofungwa, ukatambaa sakafuni hadi kwenye zile sahani, na hapo, kati ya chuma kilichoinuka na mpira uliotandikwa sakafuni, ukapenya mstari mmoja mweupe, mwembamba kama chaki.