Sema Tena, Shangazi

Uyên alishuka kwenye treni mjini Huế asubuhi na mapema, begi mgongoni, simu mkononi. Alikuwa ametoka Saigon peke yake kwa sababu, kama alivyowaambia wenzake, kusafiri na watu ni kubeba mizigo yenye midomo. Alitaka kuumaliza mji kwa siku moja: ngome ya wafalme, pagoda, hekalu la ukingoni mwa mto, na soko. Kesho yake angeendelea hadi mji wa Đà Nẵng.

Nje ya stesheni alimuuliza njia mama mmoja aliyekuwa akifuta pikipiki yake. Alikuwa Bi Nhạn, mjane, mshonaji wa kofia za majani. Aliongea kwa lafudhi nzito ya Huế, ile ambayo watu wa Saigon huiona kama wimbo wa mtu mwenye uji wa moto mdomoni. "Wapi" kwake ilikuwa "mô", na kwa kuwa hakuwa na meno mawili ya mbele, neno lilitoka na upepo.

"Unakwenda mô, mwanangu?"

Uyên aliangua kicheko, akainua simu. "Sema tena, shangazi!"

"Mô?"

"Hilohilo!"

Bi Nhạn naye alicheka, mkono mdomoni. Nyumbani kwake huambiwa anyamaze. Huyu alimwomba aseme tena. "Panda," alisema. "Kwa miguu utafika ngome milango imefungwa."

Basi wakazunguka. Ngomeni Bi Nhạn alisimulia habari za wafalme kana kwamba walikuwa majirani wabaya. Sokoni aligombana na muuza kamba wa baharini mpaka watu wakakusanyika. Kila mara Uyên alipiga video, na kila walipopumzika alizirusha mtandaoni, akiwa ameweka vicheko juu ya sauti. Kufikia adhuhuri watu walikuwa wakimiminika kuzitazama.

Pagodani walikaa kwenye ngazi, wakitazama mto. Bi Nhạn alisimulia mafuriko makubwa.

"Tulikuwa juu ya paa, mimi na mwanangu, bado mdogo. Baba yake alirudi chini kuchukua mchele. Sikumwona tena. Nikamwita: uko mô? Mume wangu, uko mô?"

Alipolia hivyo, pengo lilipiga filimbi. Uyên aliuma mdomo asicheke. Bi Nhạn aliendelea kusimulia, lakini msichana alikuwa amekwisha kuzima kamera, yuko mbioni kuweka vicheko.

Jioni Bi Nhạn alimkaribisha nyumbani. Alipika samaki wa kukaushwa kwa mchuzi na pilipili, supu ya majani, na kipande kinono akamtilia mgeni bakulini. Kabla hawajala sana, mwanawe Thuật akaingia kutoka kiwanda cha mashati, kofia ya pikipiki bado kichwani. Hakusalimu. Aliweka simu mezani, katikati ya vyombo.

*Mume wangu, uko mô?* Kisha vicheko, kama vya ukumbi mzima.

Bi Nhạn alitabasamu mwanzoni, kwa kuiona sura yake. Kisha akasikia.

"Kiwandani leo wameniita Mô tangu adhuhuri," Thuật alisema. "Nani amepiga hii?"

Uyên alimeza wali. "Kaka, usinikasirikie mimi. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeniomba."

Bi Nhạn alimtazama mgeni wake. Msichana alikodolea macho bakuli.

"Kweli," Bi Nhạn alisema. "Nilimwomba mimi."

"Baba alikufa mara moja," Thuật alisema. "Wewe umemzamisha tena ili watoto wa Saigon wakucheke. Nimekuambia mara ngapi ufunge hilo pengo lako? Kuanzia leo akija mgeni, wewe kaa jikoni."

Bi Nhạn aliinuka, akachukua bakuli lake, akaenda kumalizia chakula jikoni. Uyên alimaliza samaki wake, maana angefanya nini kingine, na Thuật alikuwa amekaa mlangoni.

Baadaye Bi Nhạn alimpeleka kwenye nyumba ya wageni. Uyên aliposhuka, alijikaza.

"Shangazi, niliogopa tu. Si unamjua mwanao."

"Watu wengi wameitazama?"

"Wengi sana! Wanakupenda."

"Katika hao wengi, yupo aliyeuliza kama mume wangu alipatikana?"

Uyên alifungua simu. Aliteremka katika maoni, akateremka tena. Walioiga sauti walikuwepo. Waliouliza meno yamekwenda wapi walikuwepo.

"Hapana," alisema. "Bado."

"Haya."

Bi Nhạn aliwasha pikipiki, akaondoka. Uyên alibaki barabarani. Simu ikalia: mtu alikuwa akiomba aletewe bibi yule tena, mwingine akamwunga mkono, kisha mwingine. Chaji ilikuwa inakaribia kwisha. Akaingia ndani haraka kuuliza soketi iko wapi.