Kipande cha Katikati

Kifurushi kilifika Jumanne kwa basi la mizigo, kimezungushiwa gazeti na gundi nyingi kuliko akili, na kabla hajakifungua Fundi alijua kwamba ndani mna theluthi moja ya kitabu. Familia nyingine hutumiana vitabu vizima. Kwao haikuwa hivyo, na mgeni akiuliza sababu walikuwa wanachoka kueleza.

Walizaliwa watatu, wote wa kike: Dada Mkubwa, kisha yeye, kisha Kitinda, aliyepata jina hilo kwa sababu mama yao alitangaza kwamba baada ya huyu duka limefungwa. Kila mwisho wa mwezi baba yao alileta kitabu kimoja cha hadithi, na kitabu kimoja kwa wasichana watatu ni vita. Siku moja Dada Mkubwa akachukua kisu cha mkate, akakikata kitabu mgongoni mara mbili, akagawa. Mwanzo wake yeye, katikati ya Fundi, mwisho wa Kitinda. Kisha wakahadithiana. Dada Mkubwa alihadithia mwanzo vizuri kiasi kwamba hakuna aliyejisumbua kwenda kuusoma. Miaka mingi baadaye Fundi alikutana na kimojawapo cha vitabu vile kwenye maktaba ya chuo, akagundua kwamba yule mjomba mwenye jicho moja, aliyewachekesha mwezi mzima, hakuwamo kabisa.

Walikua, wakaajiriwa, wakatawanyika, na kisu hakikupumzika. Anayenunua ndiye anayekata, na anayekata ndiye anayetuma. Sasa Dada Mkubwa alikuwa ana miezi minane kaburini, na Kitinda alikuwa amenunua kitabu akakikata vilevile. Kipande cha kwanza kimekwenda wapi, Fundi hakuuliza. Alikisia kimebaki kwenye droo ya Kitinda, na hakutaka kukisia zaidi ya hapo.

Katikati ya kurasa mlikuwa na karatasi imekunjwa. "Nimelia siku tatu," alikuwa ameandika Kitinda, ambaye tangu utotoni alimwita Fundi Dada Mdogo. "Nakuja Jumamosi tuongee. Dada Mdogo, kama na hiki hakitakugusa, mimi sijui tena nikuite nani."

Maneno hayo hayakutoka hewani. Siku ya mazishi Kitinda alilia hadi akaanguka, akainuliwa, akaanguka tena. Fundi alikuwa anatafuta viti. Shangazi mmoja, huku akitazama dari kama anayeongea na mbu, alisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Wa mbali walikuwa wameshaingia wote, na mfiwa yuko jikoni anasuuza vikombe. Jioni ile, mbele ya mashangazi, Kitinda alimwambia ana moyo wa jiwe. Tangu hapo waliongea kwa simu mara moja kwa mwezi. Hujambo, sijambo, kazi inaendaje, inakwenda. Baba na mama walishatangulia. Fundi hakuwa na mume wala mtoto, alikuwa na Kitinda tu, na huyo naye alikuwa amebaki salamu.

Si kwamba hakutaka kulia. Alijaribu. Aliwahi kukaa ukingoni mwa kitanda saa nzima akisubiri, kama anayesubiri chafya, na haikuja. Alikwenda kazini, alirudi, alikula kilichokuwepo. Kazini kwao daktari wa meno aliwachoma wagonjwa sindano ya ganzi chumba cha pili, na Fundi alikuwa akiwaona wanavyotoka wakijigusa shavu kwa mashaka, hawaamini kama ni lao. Hivyo ndivyo alivyokuwa mwili mzima, ila yeye hakuna aliyemwambia itaisha baada ya saa mbili.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia. Alikuwa na chumba cha nyuma chenye dirisha moja, sinki lililopauka kwa plasta, taa ndogo ya spiriti ya kuyeyushia nta, na rafu ya fizi za watu zilizotengenezwa kwa plasta, kila moja na jina la mwenyewe kwa penseli. Plasta ina dakika zake za kuganda, huwezi kuiharakisha wala kuibembeleza, na dakika hizo ndizo alizotumia kusoma.

Kitabu chenyewe kilikuwa kimeliza watu wazima. Mpokezi wa pale mlangoni alikuwa amekisoma mara mbili na bado anakibeba kwenye mkoba. Mfamasia wa duka la jirani, mwanaume mwenye kitambi na madaraka msikitini, ilisemekana alifunga duka mapema kwa sababu ya sura ya ishirini na tatu. Kilikuwa kinahusu dada watatu, watu wazima, na mkubwa wao anaugua. Kila aliyemwona Fundi alimwambia kisome, wewe hasa kisome, kisha akamtazama kwa huruma ya mtu anayempa mwenzake dawa.

Kipande chake kilianzia ukurasa wa mia moja thelathini na saba, katikati ya sentensi. Mgonjwa alikuwa amelala karibu na dirisha. Alilala hapo sura tisa, na kila sura alizidi kupendeza. Alikonda kwa heshima. Wadogo zake walikaa kila mmoja upande wake wa kitanda wakasema sentensi za nusu ukurasa, kwa zamu, kama kikao chenye mwenyekiti. Hakuna aliyesema subiri nishushe sufuria. Hakuna aliyepanga foleni ya dawa akaambiwa arudi kesho. Hakuna aliyemkasirikia mgonjwa kwa kutema uji, kisha akajifungia chooni kwa aibu ya hasira ile. Na katika kurasa zote mia moja na thelathini na kitu, hakukufuliwa shuka hata moja. Fundi alirudi nyuma kuangalia, akidhani ameruka mahali. Hakuwa ameruka.

Hakukasirika. Alichoka tu, uchovu wa mtu aliyeahidiwa chakula akaonyeshwa picha. Sehemu fulani yake, ndogo, ilikuwa imewaamini wale waliomwambia akisome. Ilikuwa imekaa mkao wa kula. Alhamisi alifika mwisho wa kipande chake, pale mgonjwa anapoomba kalamu na karatasi, akagusa macho yake kwa nyuma ya kiganja ili kuhakikisha. Makavu. Akarudi kupanga meno ya mzee mmoja aliyetaka yawe meupe kuliko ya mkwewe.

Ijumaa ndipo woga ulipomwingia. Jumamosi Kitinda angeuliza, na jibu la kweli lingemaliza kilichobaki. Basi akaenda mlangoni akamuuliza mpokezi, kama anayeuliza bei ya nyanya, watu huwa wanalia wapi kwenye kile kitabu. Mpokezi alifurahi mno. Alisema ni kwenye barua. Dada mkubwa anawaandikia wadogo zake barua, anawasihi wasigombane tena, anawaambia yeye amekuwa uzi na wao ni shanga. Hapo hakuna anayepona. Ukimtajia mtu barua, mpokezi alisema, atajua umesoma kwa moyo.

Fundi aliusafisha uongo wake jioni nzima mbele ya sinki. Dada yake hakuacha barua wala hakuwa uzi wa mtu. Lakini maneno yalikuwa mepesi kutamka, na alipoyatamka mara ya tano yalisikika kama ya mtu mwenye uchungu.

Kitinda alifika Jumamosi adhuhuri, na mkoba mdogo begani na kipande chake cha kitabu kwapani. Kabla hajakaa alisema anarudi na basi la saa kumi. Alikaa ukingoni mwa kochi, magoti yameshikana, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Alikuwa amekonda. Fundi aliona hilo, akafikiria kulisema, akaenda kuchemsha chai. Waliulizana habari za kazi, za mvua, za jirani aliyeuza nyumba. Habari zikaisha.

"Umesoma?" Kitinda aliuliza.

"Nimesoma."

"Ukalia?"

"Nililia," Fundi alisema. "Pale kwenye barua. Anapowaambia wasigombane, yeye ni uzi na wao ni shanga."

Kitinda aliweka kikombe chini. Alichukua kipande chake cha kitabu, akakifungua karibu na mwanzo, akafuata mistari kwa kidole hadi mahali alipopataka.

"Barua iko ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili," alisema. "Iko huku kwangu."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata mlangoni. Mbele ya mtu mwenye kitabu kizima uongo ule ungepita umevaa suti. Fundi alisubiri kelele, kwa sababu Kitinda tangu utotoni alikuwa mtu wa kelele, na kelele angezipokea kwa furaha.

Kitinda hakupiga kelele. "Umeniongopea," alisema taratibu, "kama ulivyoniongopea kwenye simu."

Fundi hakuhitaji kuuliza simu gani. Miezi minne Dada Mkubwa alilala katika nyumba hii, chumba kile cha upande wa kulia, na kila Jumapili Kitinda alipiga kutoka mbali alikokuwa akifanya kazi. Anaendeleaje? Anaendelea vizuri. Nije? Usihangaike, anaendelea vizuri. Kitinda aliamini, maana Fundi si mtu wa mzaha. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, ila hawakusema lolote kuhusu anayeficha ya mwenzake.

"Unajua mimi nililia nini siku tatu?" Kitinda alisema. "Kitabu ni cha ovyo, najua. Watu hawaongei vile. Lakini kwenye kipande changu yule mdogo anapigiwa simu. Dada yake anamwambia, njoo. Anapanda basi na anawahi."

Hapo Fundi alisema. Hakupanga na hakuinua sauti, alisema kama anayemsomea mtu maelezo ya dawa. Alieleza shuka, mbili tu, moja kitandani na moja kwenye kamba, na siku ambazo zote mbili zilikuwa kwenye ndoo. Alieleza uji uliotemwa. Alieleza kwamba Dada Mkubwa, aliyehadithia vizuri kuliko wote, mwezi wa mwisho alikuwa anaanza neno na halifiki. Kitinda hakuwa amesikia lolote katika hayo kabla ya siku hiyo. Alikuwa ameshika kile kipande cha kitabu kwa mikono miwili, na hakukitazama tena.

"Basi kwa nini hukuniita?"

Fundi alifikiri. Miezi minane hakuna aliyemuuliza swali hilo, na yeye mwenyewe alikuwa amepita mbali nalo.

"Watu huitwa mtu akiwa anakufa," alisema. "Angekuona mlangoni, angejua. Na mimi ningejua. Nilidhani usipokuja, bado hatujafika huko."

Ilipokwisha kutoka aliiona ilivyo ndogo, sababu ya kitoto, ya mtoto anayejifunika shuka asionwe. Aliona aibu. Ilikuwa kitu cha kwanza kumpata kwa muda mrefu, na hakujua aishike vipi.

Huko nje mtu alikuwa anapiga honi ya kuita rafiki yake, akachoka, akaondoka.

"Alisema nini mwisho?" Kitinda aliuliza.

"Alisema maji ya baridi."

"Alitaka maji ya baridi?"

"Hapana. Nilikuwa namwosha miguu kwenye beseni. Nilimaliza mguu mmoja, akasema maji ya baridi. Yalikuwa yamepoa. Nikaenda jikoni kuchemsha mengine."

Kitinda aliweka kile kipande cha kitabu mezani.

"Niliporudi alikuwa ameshakwenda," Fundi alisema. "Mimi nimeshika birika."

Hilo hakuwa amemwambia mtu, si daktari, si shangazi. Watu waliambiwa alikuwa kando yake, amemshika mkono, kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyopenda kuambiwa. Alingoja Kitinda aseme kitu kuhusu moyo wa jiwe. Kama angesema, Fundi asingebisha.

"Yale maji uliyafanya nini?" Kitinda aliuliza.

"Yapi?"

"Uliyochemsha."

"Niliyachanganya vizuri, yasiwe ya moto sana," Fundi alisema. "Nikamwosha ule mguu mwingine. Kisha nikakupigia."

Kitinda aliinuka. Fundi alidhani anachukua mkoba, akatazama pembeni asimwone akitoka. Lakini Kitinda alivua viatu, akazunguka meza, akaja kochi la pili alipokaa Fundi, akajilaza na kichwa kwenye mapaja ya dada yake. Alilia, si kilio cha mazishi, hiki hakikuhitaji mtu wa kumwinua. Fundi hakulia. Alitafuta mahali pa kuweka mkono wake, akauweka juu ya kile kichwa, kwenye nywele. Saa kumi ikafika, ikapita, na hakuna hata mmoja aliyeitaja.