Kigingi cha Katikati

Kigingi cha kwanza alikikanyaga. Alikuwa anavuka sakafu ya ukumbi mpya na ndoo ya maji, mguu ukateleza juu ya kitu cha mviringo, nusura ajimwagie yote kifuani. Mama Fundi, kama mtaa mzima ulivyomwita, aliinama akakiokota, ulimi tayari kumsema aliyekiacha hapo. Kisha akatazama juu.

Mahali pa kigingi kile palikuwa kule, kwenye kiungo cha nguzo na boriti.

Ujenzi wa ukumbi aliusimamia yeye, kwa elimu yake ya chuo na sauti yake ya jikoni. Haukuwa na msumari hata mmoja. Miti ilitoka kwenye shamba la mtaa, na kila uliokatwa ulipandiwa miche. Boriti zilichongwa zikaingiana, kila kiungo kikatobolewa na kupigiliwa kigingi cha mbao, ili siku ukumbi ukichoka wajukuu waufungue kipande kipande wajenge mwingine. Kila familia ilichonga kigingi chake na kukitia alama. Sharti lilikuwa moja tu: kichongwe kwa mti mkavu. Boriti mbichi ikikauka husinyaa na kukibana kigingi kikavu. Kigingi kibichi nacho husinyaa, kikabaki kinacheza tunduni.

Hiki kilikuwa na alama ya kitana, ya nyumba ya msusi. Kilikuwa kimekonda na kupasuka.

"Ko," paa likalia. Kimya. Kisha upande wa pili: "Ko."

Jukwaani, binti yake na kwaya ya watoto walikuwa wanafanya mazoezi ya wimbo wa ufunguzi. Watu wazima walishaanza kugombea viti vya mbele. Mama mkwe wake, mwenyekiti wa kamati, alikuwa anavipanga upya, kitambaa kipya kichwani.

"Mama, tuwatoe watu."

"Tuwapeleke wapi? Wageni wako njiani."

"Vigingi vinaachia. Sikiliza."

"Si wewe uliyetuambia mbao mpya hulia mpaka zizoee?" Mama mkwe akageukia wenzake. "Jamani, fundi leo anaogopa kazi yake!"

Wakacheka. Na kweli alisema hivyo, tena kwa kujidai.

Akamwita mumewe amshikie ngazi. Mtaani walimwita Bwana Kesho, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Mama Fundi akapanda hadi kiungo cha katikati, kilichobeba uzito wa paa lote. Hapo aliweka kigingi cha nyumba yake mwenyewe, chenye alama ya kijiko. Kilikuwa kimetokeza nje. Akakisukuma kwa kidole kimoja kikaingia, akakiachia kikarudi, mithili ya jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Akatazama chini. "Ulisema umekichonga kwa mguu wa kile kitanda kilichovunjika."

Mumewe akakuna kisogo. "Ulikuwa mgumu, mama watoto. Nikakata tawi la mpera. Cha mguu wa kitanda nilikichonga baadaye, kimo kwenye begi la vifaa. Nilisema nitabadilisha..."

"Usilitaje hilo neno."

"Ko," paa likasema, karibu kabisa na sikio lake. Vumbi laini la mbao likamwangukia kopeni.

Alishuka akiruka vidato. "Watoto! Nje! Sasa hivi, viatu acheni!" Watoto waliijua sauti ile, wakatoka mbio. Watu wazima hawakusogea. Mmoja alikuwa bado anapangusa kiti chake.

"Unatuaibisha," mama mkwe akamnong'oneza kwa ukali.

"Basi tuaibike." Akapaza sauti ukumbi mzima usikie. "Kigingi kinachobeba paa hili ni kibichi! Ni cha nyumba yetu, kachonga mume wangu, na mimi nikakipigilia bila kukikagua! Anayetaka kiti cha mbele abaki nacho!"

Mama mkwe alimtazama mwanawe, na mwanawe akatazama sakafu. Hapo bibi yule akavua viatu vyake vipya, akavishika mkononi, akawa wa kwanza kuelekea mlangoni. Wengine wakamfuata wakisukumana.

Nje, juani, Mama Fundi alipita katikati ya watoto akigusa kichwa kimoja kimoja. Wote walikuwepo. Binti yake alimkamata mkono.

"Mama, baba yuko wapi?"

Akageuka. Ndani, mtu alikuwa anapiga nyundo.

Mlango ulikuwa wazi, na kutoka pale aliiona miguu ya mumewe juu ya ngazi, begi la vifaa likiwa limefunguka kando yake. Ngazi hakuna aliyeishika.

"Baba watoto, shuka! Acha!"

"Nakitoa kibovu naingiza kikavu!" Sauti ilikuwa na furaha kidogo. "Leo hii hii! Asije mtu akaniita Kesho tena!"

"Ukikitoa hakuna kinachoshika! Usikitoe!"

Nyundo ikapiga. Boriti ikajibu. Ikapiga tena, na kitu chepesi kikaanguka sakafuni, kikabingirika hadi kizingitini: kigingi chenye alama ya kijiko.

Mama mkwe akaviachia viatu. Mama Fundi alishaanza kukimbilia ndani.

Nyundo ikanyamaza. Paa halikunyamaza.