Cheti cha Kumtoa Pascual

Pascual Andrés Diego alikamatwa kwa kosa la kuitwa Pascual Andrés Diego. Hakuna zaidi. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma kwenye gari la mfanyakazi mwenzake, wanawahi zamu ya asubuhi kiwanda cha kuku, askari wa sherifu akawasimamisha kwa ajili ya taa iliyoungua, akataka majina ya wote waliokuwamo. Jina la Pascual likaibua hati ya kukamatwa. Miaka mitano nyuma, mtu wa jina hilo aligonga na gari sanduku la barua la mzee mmoja, naye amelewa chakari, na siku ya mahakama hakuonekana.

Kwa watu wa Santa Eulalia, alikotoka Pascual, hili lingekuwa la kuchekesha kama lisingekuwa la kuliza. Huko kwao Guatemala mtoto hupewa jina la babu, jina la baba likawa ubini, na majina yenyewe ni yale yale machache ya watakatifu, yanazunguka tu kutoka mlango hadi mlango. Kwa hiyo katika kaunti ya Wardlow, jimbo la Jojia, Marekani, walikokuja kukata kuku, akina Pascual Andrés Diego walikuwa wawili. Mmoja mlevi, alishahamia Karolina zamani. Wa pili ni mume wa Petrona, mtu ambaye hata bia ya harusini haonji.

Dada yake Petrona, Ewul, alimwambia asikanyage jela, ampigie wakili wa kanisani. Petrona akapiga Jumatatu, akajibiwa na mashine. Akapiga Jumanne, mashine ile ile, na sauti ile ile ya furaha. Huyo wakili mmoja alikuwa na kaunti nne za kuhudumia, na kila kaunti ilikuwa na akina Petrona wake.

Pascual mwenyewe alikuwa amefuata alichofundishwa. Kwenye semina ya kanisani, wao wasio na vibali waliambiwa wasiseme walizaliwa wapi na wasitie saini chochote, naye alilishika somo kama katekisimu. Jela walimwuliza mara tatu amezaliwa wapi, mara tatu akawatazama tu. Alama za vidole vyake zilipelekwa serikali kuu, kama za kila anayeingia pale, zikarudi bila kitu, maana hakuwahi kushikwa mpakani wala popote. Jumanne hiyo Petrona alipoongea naye kwenye skrini ya wageni, Pascual, uso umemsawajika, alimwambia kwa Kikanjobal, lugha ambayo pale jela hakuna aliyeijua, kwamba asiwe na wasiwasi.

"Sijawapa neno hata moja," alisema. "Watachoka wao."

Lakini Petrona hakuwa na subira ya kungoja wachoke. Walimshika mtu siye, basi waonyeshwe. Alikwenda dirishani kwa karani wa jela, msichana aitwaye Yesenia, mtoto wa Wameksiko aliyezaliwa pale pale Wardlow, mwenye Kihispania kitamu na kucha za rangi ya zambarau. Alimsikiliza Petrona bila kumkatiza, jambo ambalo Petrona hakulizoea kwenye madirisha.

"Mama, mimi nakuamini," Yesenia alisema. "Tatizo kompyuta. Niletee karatasi yoyote yenye tarehe yake ya kuzaliwa, tumtenganishe na yule mlevi, aende zake nyumbani."

Watu wengi wamekuja kumcheka Petrona kwa alilofanya baadaye, na wanaomcheka wanastahili makofi. Kule kwao, mwanamke wa Kikanjobal akienda ofisi ya manispaa na mdomo wake tu, anaambiwa kesho, keshokutwa, rudi na mumeo. Akitoa karatasi yenye mhuri, karani anakaa vizuri kwenye kiti. Petrona alikua akiliona hilo. Kusema ndiko walikokatazwa kanisani, na yeye hakuwa anakwenda kusema. Alikuwa anapeleka mhuri.

Jumatano alikitoa cheti cha kuzaliwa cha Pascual chini ya godoro, kwenye faili lake la plastiki, akavaa sketi yake ya sikukuu, akaenda. Hakumwambia Ewul.

Yesenia alikipiga kopi mbele na nyuma. Akalinganisha na hati ya mahakama, akatabasamu. Mlevi alizaliwa mwaka sabini na tisa. Huyu ni wa tisini. Hata kwa macho ya hakimu aliyechoka hawakuwa mtu mmoja. Kabla ya saa nane mchana hakimu alikuwa ameshafuta hati kwa upande wa Pascual, na Yesenia akaja mwenyewe hadi kwenye viti vya wageni kumpa Petrona habari, akamshika mkono. Petrona alilia. Akampigia Ewul aweke maharage jikoni na amwambie msimamizi wa kiwanda kwamba kesho Pascual yupo kazini.

Akakaa kungoja, shati safi la mumewe mapajani. Saa tisa ikapita. Saa kumi watu wawili walitoka kwa mlango wa wanaoachiwa, wote Wazungu, mmoja akavuta sigara kabla hajafika hata kwenye ngazi. Saa kumi na moja kasoro Yesenia alirudi, na safari hii hakukaa.

"Mama, hatatoka leo. Uhamiaji wametuomba tumshikilie. Wana saa arobaini na nane za kuja kumchukua."

"Kwa kosa gani?"

"Kosa hana. Lile limefutwa."

"Si ulisema aende zake nyumbani?"

"Nilijua ataenda," Yesenia alisema, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. "Lakini sheria ya jimbo ndiyo hiyo. Tukishajua mtu amezaliwa nje, na uraia hana, lazima tuwaarifu siku hiyo hiyo. Si mimi, mama."

Petrona alimwuliza walijuaje kama amezaliwa nje, ilhali siku tatu nzima hakufungua mdomo. Yesenia alitazama faili la plastiki lililokuwa juu ya shati, kisha akasema zamu yake imekwisha. Wapo wanaosema alijua tangu mwanzo. Mimi nasema hakufikiria mbali hivyo, alitaka kusaidia kama Petrona alivyotaka kusaidia, na hilo ndilo linalonitia hasira zaidi: mitego mingine inajengwa vizuri kiasi kwamba haimhitaji mtu mbaya.

Walimchukua Ijumaa asubuhi kwa mlango wa nyuma. Petrona alikuwa amekaa kwenye ule wa mbele.

Simu ilikuja Jumapili, kutoka kituo kimoja kusini mwa jimbo, mwendo wa saa nne kwa gari. Pascual alikuwa anawaka. Walimwekea karatasi mbele, alisema, jina la kijiji, jina la mama yake, tarehe, kila kitu. Kuna mtu amemuuza. Alishawapekua watu wote kichwani mwake, na alikuwa na hakika ni ndugu za yule mlevi, wanamlinda mtu wao. Akamtaka Petrona aende kwao baada ya misa, mbele ya watu, awatazame usoni.

"Usiende kwao," Petrona alisema, ingawa wa kwenda alikuwa yeye.

"Nani, basi? Mtaje."

Angeweza kusema hajui. Ewul alishamshauri hivyo, kwamba mwanaume aliyefungwa anahitaji mtu wa kumchukia, na bora awe wa mbali.

"Ni mimi," alisema. "Niliwapelekea cheti chako. Walisema ukithibitika si yule, utatoka."

Alisikia watu wengine wakiongea nyuma ya Pascual huko, na mlango wa chuma ukifungwa. Alisubiri matusi. Angeyashukuru.

"Na wamethibitisha?" Pascual aliuliza.

"Wamethibitisha. Hakimu ametia saini. Huna kosa lolote, Pascual, wameandika."

"Sikuwa nalo," alisema, akamwachia simu mtu aliyekuwa akingoja nyuma yake.